Mgeuza Santuri wa Maporomoko

Nilipata kazi Maporomoko Rekodi kwa sababu sikujua kucheza. Najua mtacheka, nyinyi vijana mnaobaki pale dukani kwetu Ruiru na mashine zenu zinazowaka taa za kijani, lakini sababu ni hiyo na sitaitafutia nyingine nzuri zaidi. Mzee Gathogo, aliyekuwa mwenye lebo, aliingia dukani kwa shangazi yangu Thika kununua betri. Akanikuta napanga sabuni huku redio inapiga disko kwa sauti yote, na hakuna kiungo changu kilichotikisika.

"We msichana, hii ngoma husikii?"

"Nasikia."

"Na hutingishiki hata kidogo?"

"Niko kazi, Mzee."

Akamgeukia shangazi. "Mama, huyu nimempatia kazi. Aanze Jumatatu."

Shangazi alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, akadhani ni kazi ya kupiga chapa barua. Alipojua ni disko aliniombea kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani, kisha akauliza kama huko wanapeana chai.

Chai ilikuwepo. Jumatatu hiyo nilikuta studio ni chumba kirefu nyuma ya fundi wa baiskeli, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mzee alizipata bure kwa wafuga kuku, na nyingine zilikuja na manyoya yake, kwa hiyo mpiga ngoma wetu alipiga chafya katikati ya nyimbo nyingi ambazo leo mnazisifu. Mkisikiliza vizuri mtamsikia. Wambui, mjukuu wa Mzee, alitaka kuzifuta hizo chafya kwa kompyuta nikamkatalia. Ni za kwake, alizitolea jasho.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi wenu hamjawahi kushika santuri kwa lazima, mmeishika kwa mapenzi tu. Santuri ndogo tulizouza hazikuweza kubeba wimbo mzima wa disko. Disko ni ndefu, inataka kupika polepole. Kwa hivyo wimbo ulikatwa pande mbili: nusu ya kwanza mbele, nusu ya pili nyuma. Kwenye bugi, yaani ile disko ya mchana ya Jumamosi, upande wa kwanza ukiisha ilibidi mtu ainue sindano, ageuze santuri, aiweke tena. Katikati hapo ukumbi mzima unanyamaza. Huo ukimya ndio uliokuwa kazi yangu.

Mzee Gathogo hakuamini makofi. Kabla wimbo haujapelekwa Nairobi kupigwa chapa kwa wingi, alikatiwa huko sahani moja ya majaribio, tunaibeba hadi ukumbini Thika na kuipiga katikati ya bugi bila kutangaza. Waliojaa pale walikuwa watu wa viwandani, wa nguo, wa mananasi, wa ngozi, waliosimama mbele ya mashine wiki nzima. Nageuza, Mzee na mimi tunaangalia. Wakibaki wamesimama, mikono bado iko juu, wanapiga kelele "Geuza! Geuza!", wimbo umepita. Wakienda kutafuta viti, umeanguka, na rufaa hakuna.

"Mtu anaweza kupiga makofi kwa adabu," aliniambia. "Lakini hakuna mtu wa kiwanda anakataa kiti kwa adabu."

Hapo ndipo niliposhika kwa nini alitaka asiyecheza. Mgeuzaji aliyenitangulia alikuwa akicheza pamoja na watu, na kila wimbo kwake ulipita.

Kugeuza kwenyewe kuna ufundi wake. Unashika santuri kwa viganja, ukingoni, vidole havigusi uso. Unapangusa mara moja kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikalainika. Changu kilikuwa kipande cha shumizi ya shangazi, naye hakuambiwa. Unashusha sindano bila kupumua. Siku zangu za kwanza nilikuwa nakimbia, maana kusimama mbele ya watu wanaokupigia kelele si mchezo. Mzee akanivuta kando. "Pole pole, Wangari. Ukikimbia unawasaidia. Usiwasaidie. Na usiwacheleweshe pia, hiyo ni kuwaonea." Basi nikajifunza mwendo wa katikati. Nilipoupata, nilikuwa na raha ambayo sijui niifananishe na nini. Mimi niliyekuwa nikiogopa hata kusoma matangazo kanisani, nilisimama pale ukumbi mzima ukiningoja, nikageuza kwa taratibu zangu. Wakanibatiza jina Kageuza. Hata sokoni waliniita hivyo, na wauza nyanya wakanipunguzia bei.

Walikuwepo waliojaribu kutudanganya. Mpiga gitaa mmoja, jina lake naliacha maana wajukuu wake ni wateja wetu, alileta ukoo mzima siku wimbo wake ulipojaribiwa. Upande wa kwanza ukaisha, nikageuza, na watu wengi sana wakabaki wamesimama. Nami nikafurahi. Mzee akaninong'oneza, "Angalia wanaangalia wapi." Kumbe wote walikuwa wamemkazia macho yule mpiga gitaa, wanangoja ishara ya kukaa. Mmoja alikuwa nyanya mwenye fimbo, anatetemeka magoti, maskini, anasimamia familia. Mzee alimpelekea kiti yeye mwenyewe. Wimbo ukaanguka, lakini yule nyanya alinunuliwa soda.

Nyimbo zilizopita ndizo zilizotujengea jina. Lebo yetu haikuwa na gari, haikuwa na mtu redioni, ilikuwa na trei za mayai na viti vya ukumbi. Lakini dijei wa Thika, wa Ruiru, mpaka wa hoteli zile za karibu na maporomoko ya Chania, waliikuta alama yetu katikati ya santuri na wakainunua kabla ya kuisikiliza. Walijua kwamba ikiwa ni ya Maporomoko, watu hawatakaa.

Halafu akaja Nekesa.

Alikuwa ametoka upande wa Bungoma kutafuta kazi, akaipata katika kiwanda cha nguo, na Jumapili aliimba kwaya. Aliingia studio na sare ya kazini, nyuzi za pamba zimemshika nywele, akasema ana wimbo wake unaitwa "Kesho Sina Zamu." Mpiga besi alicheka. Nekesa akamngoja amalize kucheka, kisha akauimba bila ala, akipiga mguu sakafuni kwa mwendo wa mashine ya kufuma. Mpiga besi akachukua gitaa lake bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nje nasuuza vikombe, na nawaambia ukweli, niliacha maji yakimwagika. Wimbo ulihusu msichana anayevua viatu vya kazi akijua kesho halazimiki kuvivaa. Hayo tu. Lakini ulikuwa na furaha ya kweli ndani, ile ya mtu anayejua vizuri anapumzika kutokana na nini.

Tulirekodi, sahani ya majaribio ikakatwa, Jumamosi tukaenda ukumbini. Nekesa alisimama karibu na mlango na marafiki wawili wa zamu yake. Upande wa kwanza watu walicheza vizuri tu. Ukaisha. Nikainua sindano, nikageuza, na nyuma yangu nikasikia viti. Krrr, krrr, vinavutwa sakafuni. Nilipotazama, ukumbi ulikuwa umekaa.

Kwa nini? Nimeulizwa na Wambui mara nyingi. Huenda wimbo ulikatwa mahali uliposikika kama umekwisha. Huenda wiki ile viwandani ilikuwa mbaya. Watu wana haki ya kukaa bila kutoa sababu. Mzee aliinamisha kichwa, maana na yeye aliupenda, nikadhani leo atavunja sheria. Hakuvunja. Wimbo ukianguka, desturi yetu ilikuwa mwenyewe anapewa ile sahani aende nayo, na mkanda wa studio unarekodiwa kitu kingine juu yake, maana mikanda ilikuwa adimu.

Nikampelekea Nekesa sahani yake.

"Walikaa wote?" akaniuliza.

"Wengi."

"Basi." Akaifunga kwa leso, akaenda zake. Hakurudi studio tena. Tulikutana sokoni miaka mingi, ananisalimia "Mulembe, Wangari," namjibu, tunaulizana kuhusu watoto, wala sahani haitajwi. Iliniuma. Kila nilipomwona iliniuma.

Mengine mnayajua. Kaseti zikaja, na kaseti haina haja ya mgeuzaji, wimbo mzima unaingia upande mmoja. Mzee Gathogo akatuacha. Studio ikawa duka, duka likahama Thika likaja chumba kimoja Ruiru, nikauza kaseti, nikauza sidii, kuna wakati nikauza hata vifuniko vya simu, na kila asubuhi nilipangusa alama ya Maporomoko juu ya mlango kama mtu anayemtunzia jirani nyumba. Wenzangu walinishauri nifunge. Niliwaambia nitafunga kesho.

Halafu Wambui akamaliza masomo yake ya mambo ya sauti, akaja na mkoba na maneno mengi, akiniita Cucu kama bibi yake. "Cucu Wangari, hizi santuri ni dhahabu. Watu wanazitafuta huko nje vibaya sana!" Nikamwambia kwetu zinatafutwa na panya. Lakini alikaa sakafuni siku nzima na yale masanduku, anatoa moja moja, anapiga kelele kwa kila moja kama mtu anayefungua zawadi. Alinifundisha kompyuta. Nilimfundisha kupangusa. Tukaanza kuunganisha nusu ya kwanza na nusu ya pili, na siku wimbo wa kwanza ulipopita mzima mzima bila kusimama, nilikaa pale kwenye stuli nikalia, kisha nikacheka kwa sababu Wambui naye alikuwa analia na hata hakujua ni kwa nini. Muda si muda vijana wa mtaa wa Gitothua walikuwa wanacheza muziki uliorekodiwa kabla ya mama zao kuzaliwa. Jamani, nilijiona nimezaliwa upya!

Ndipo Wambui akaniuliza kama kuna wimbo wowote haumo masandukuni. Nikamwambia, upo mmoja.

Tulimkuta Nekesa mtaa wa Kiuu, kwenye chumba cha kupanga, amezungukwa na maboksi yaliyofungwa kamba. Alikuwa anahama, anarudi Bungoma kwa binti yake mwisho wa mwezi. Alitupatia chai, tukazungumza mambo ya magoti na ya watoto, na nilipotaja ile sahani hakushangaa. Akavuta sanduku lililokuwa uvunguni, akatoa leso ileile, imepauka.

"Umeipiga mara ngapi, Shosh?" Wambui akamuuliza bibi huyo.

"Nipige na nini? Sijawahi kuwa na mashine."

Wambui alikaribia kuruka. Sahani ya majaribio ni laini, juu ya bati lake kuna rangi kama ile ya kucha, na kila ukiipiga inalika. Hii ilikuwa haijapigwa tangu siku ile. Lakini niliipeleka dirishani nikaona mengine. Miaka ilikuwa imeitoa unga mweupe, na ukingoni rangi imeanza kupasuka na kuinuka. Unga unapanguswa. Rangi ikiinuka, hakuna dawa. Nikawaambia wazi: hii itakubali sindano mara moja, tena tukibahatika.

"Mara moja inatosha," Wambui akasema. "Tunairekodi leo, tunaiachilia wiki ijayo. Shosh, utakuwa staa hadi huko kwenu!"

Nekesa akaweka kikombe chini. "Itakuwa na jina la Maporomoko?"

"Eeh, kabisa."

"Basi ipite penye zile zingine zilipita."

"Lakini Shosh, siku hizi hakuna kugeuza. Wimbo inaenda yote mara moja, hakuna mtu anapima watu na viti."

"Mimi nilipimwa, watu wakakaa," Nekesa akasema, wala hakupaza sauti. "Sitaki kuhurumiwa juu ya uzee. Pigia watu. Wakisimama, weka jina. Wakikaa, nipee sahani yangu niende na yeye nyumbani."

Wambui akanitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Nilijua Nekesa ana haki, na nilikuwa naogopa mno, kwa sababu ukikaliwa mara mbili hiyo si bahati mbaya tena. Tulirudi hadi mzunguko wa Ruiru. Hapo Wambui akasema, "Na wakikaa, Cucu?" Nikamwambia, "Basi hatuiachilii." Akasema mimi na babu yake ni watu wagumu. Nilichukulia kama sifa.

Tukapanga tufanye yote kwa mara moja. Sahani ipigwe mbele ya watu, na waya utoke kwenye sindano uingie kwenye mashine ya Wambui, ili pigo lile moja lihukumiwe na lihifadhiwe pia. Tulikodi ukumbi Gitothua, Jumamosi alasiri, kama zamani. Sahani niliisafisha mimi mwenyewe, polepole, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni kidogo, hadi weusi wake ukarudi kung'aa. Mkono wa sindano tuliulegeza uwe mwepesi kuliko kawaida.

Vijana walijaa. Walikuja pia wazee wachache wa Thika wa enzi ile, wamevaa mashati ya sikukuu. Hakuna aliyeambiwa kitu. Viti vya plastiki vilikuwa vimetapakaa hadi katikati ya ukumbi, na wengi walikuwa wamevikalia na simu zao. Nekesa alikaa nyuma kabisa, gauni la kanisani, mkoba juu ya mapaja, ameushika kwa mikono miwili.

Wambui alipiga nyimbo zilizopita kwanza, joto likapanda. Kisha akaniachia nafasi. Nikashusha sindano.

Ilikwaruza, ikakwaruza, halafu ule mguu wa Nekesa ukagonga sakafu, na besi ikaingia, na msichana yule wa nyuzi za pamba akaimba humo Gitothua kama aliyetoka zamu dakika hiyo. Ngai! Nywele zilinisimama. Wambui alikuwa amebana kidole mdomoni, macho kwenye mashine yake. Watu wakacheza, si wote, labda nusu ya ukumbi, wengine wakatikisa vichwa wakiwa palepale kwenye viti. Nilianza kuhesabu waliokaa, nikajikataza. Rangi ya ukingoni ilishika. Wimbo ukapanda, ukapanda zaidi, na upande wa kwanza ukaisha.

Kimya.

Nikainua sindano. Nikashika sahani kwa viganja. Na nyuma yangu nikasikia viti.

Krrr. Kimoja, viwili, kisha vingi, ukumbi mzima unavuta viti sakafuni. Nilitamani nikimbie, niiweke haraka haraka kabla hawajakaa wote, kabla Nekesa hajaona. Vidole vyangu vilitaka hivyo. Lakini aliomba apimwe, na kipimo ukikisaidia si kipimo. Nikageuza kwa mwendo wangu uleule. Nikapangusa. Machozi yalikuwa yananitoka, nikageuza uso yasidondokee sahani. Nikashusha sindano, besi ikaanza upande wa pili, ndipo nikatazama nyuma.

Hakuna aliyekuwa amekaa. Viti vilikuwa hewani! Vijana walikuwa wanavipitisha juu ya vichwa, wanavirundika ukutani, mmoja anamfokea mwenzake, "Buda, toa hiyo kiti, tunataka space!" Waliokuwa wamekaa na simu walikuwa wamesimama, wazee wa Thika wamekunja mikono ya mashati, na katikati ya ukumbi sakafu ilikuwa inazidi kufunguka, na inajaa ilhali bado inafunguliwa. Kuna aliyepaza sauti, "Geuza tena!" na wimbo wenyewe hata haujafika kati.

Nikamtafuta Nekesa kule nyuma, sikumwona. Wambui aliinua dole gumba juu ya mashine bila kuondoa macho, na alipoondoa alikuwa anacheka na kamasi zinamtoka. "Tumeishika, Cucu! Yote inaingia, safi!" Mwisho wa upande huo rangi ilibanduka na sindano, ikajikunja kama ganda la kitunguu, lakini mlio wa mwisho ulikuwa tayari umeshaingia.

Ndipo umati ukapasuka kidogo nikamwona. Alikuwa amesimama katikati ya watoto wa watu, mkoba umebanwa kwapani, kiatu kimoja hana, anapiga kelele nimsikie juu ya makofi.

"Wangari! Wangari we! Hawa watoto wamenitoa kiti!"

Kijana aliyekuwa kando yake, kiti chake mkononi, akamwomba msamaha. "Pole Shosh, lakini hii ngoma huwezi kaa."

Nekesa akamtazama kijana, akanitazama mimi. "Umesikia?" akasema. "Andika jina."